Kwa Kasimu, Juu ya Mashine na Habari ya Safi

Kasuku, Kindu
Tarehe 21 Februari 1988

Mpendwa mdogo wangu Kasimu,

Assalaam aleikum. Habari za Lubumbashi? Kifua chako kimepoa, au mvua za huko bado zinakusumbua? Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Mto umejaa na mbu ni wengi, lakini nyumbani hakuna mgonjwa.

Godefroid wa reli alinifikishia ile mashine ndogo ya hesabu uliyonitumia tangu mwaka jana, nami nikakaa kimya. Ukweli, nilikasirika. Tangu kwinini iliponiharibu masikio nikaacha kufundisha, nilidhani sasa unanitumia mchezo wa mtoto. Nikaifungia sandukuni.

Siku moja mvua ilinizuia ndani, nikafungua kitabu chake cha maelezo ya Kifaransa. Kumbe haihesabu tu. Unaweza kuiandikia maagizo, moja baada ya jingine, nayo ikayafuata yenyewe. Basi kila asubuhi, nikimaliza sala na kabla ya kuwasha moto, nakaa nayo mlangoni penye mwanga. Mwanzo ilikuwa taabu tupu. Ukisahau alama moja inagoma. Majuma yalipita kabla haijaniandikia hata jedwali la kuzidisha, na siku ilipoliandika nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Sasa nimeiandikia programu ya kumpa Safi hesabu. Unajua binti yangu yuko mwaka wa sita wa sekondari, na Julai atafanya mtihani wa Serikali. Akikosea, mashine inampa hesabu nyingine ya namna ile ile. Tunakaa pamoja. Zamani alikuwa amechoka kunipigia kelele, akaacha kunisemesha.

Kuna jambo nililoliona katika kazi hii. Mashine isipoelewa agizo, inasema hapo hapo kuwa haikuelewa, kisha inangoja. Haioni haya. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama anayekubali na kutabasamu ili watu wasijue kwamba sikusikia. Nikaanza kuwaambia: sikusikia, rudia. Nilianza kwa muuza samaki, kisha kwa wanawake wenzangu msikitini. Wengine walichoka nami. Wengi walirudia.

Ijumaa iliyopita shemeji Masudi, ndugu ya marehemu mume wangu, alikuja na wageni kutoka Kibombo, watu wa biashara ya mchele. Walileta vitenge na mbuzi. Wakaongea kwa haraka, wakicheka, na Masudi akawa ananitazama kama mtu anayengoja niseme ndiyo. Nikamwambia sikusikia, arudie pole pole. Akarudia. Nikamwomba tena. Wageni wakaacha kucheka, na safari hii akalazimika kusema wazi mbele ya wote:

"Safi ataolewa kwa hawa wageni mbele ya mufungo wa Ramadhani. Masomo ataacha."

Nikauliza nani alikubali.

"Wewe, shemeji. Mwezi uliopita nilikuuliza hapa hapa, ukatikisa kichwa."

Kasimu, hakusema uongo. Nilikumbuka siku ile, jinsi nilivyomtabasamia. Nikamjibu, "Nilitikisa kichwa kwa sababu sikusikia. Leo nimesikia. Sikubali."

Kisha nikamwita binti yangu nikamuuliza yeye anasemaje. Alitoka jikoni, akawapita wazee wote, akapiga magoti mbele yangu ili nione mdomo wake. "Mama, nataka kumaliza shule," alisema, na nililisikia kila neno.

Masudi aliondoka bila kunywa kahawa na hajarudi kwetu. Hilo linaniuma, maana ndiye aliyetusimamia wakati wa msiba. Ukimwandikia, msemeshe kwa upole. Wageni walichukua mbuzi wao, vitenge wakaviacha, wakasema watangoja mpaka mtihani upite. Safi anasema wasingoje, na jana alivikunja akampa Godefroid avirudishe Kibombo.

Kama utapata zile betri ndogo za duara, nitumie. Hapa Kindu hazipatikani, na maandishi ya mashine yamefifia.

Msalimie sana mkeo Jamila, na watoto wote. Mama Mwajuma wa Alunguli, ng'ambo ya mto, anakuulizia kila tukionana sokoni. Safi anakusalimu, naye atakuandikia kwa mkono wake.

Mungu akulinde katika kazi na katika njia, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako mkubwa, yaya wako nikupendaye,

Mwavita