Gari Ninalolilinda Mamboleo

Migosi, Kisumu
Alhamisi jioni

Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu zako za kawaida, na goti la bibi yetu Kukhu liwe limetulia sasa mvua imepumzika. Je, ndama amepona kuhara? Mimi sina ugonjwa wowote. Nakula vizuri, ingawa samaki bado ananishinda, na binamu zangu hucheka kila wakiniona natoa mwiba mdomoni kwa vidole.

Anayekuletea barua hii ni Mama Adhiambo, jirani yetu hapa, ambaye hufika huko kununua maharagwe. Nimemwomba akupe mkononi pale unapouzia nduma, asimpe mtu mwingine. Isome peke yako kwanza, halafu umsomee Baba kabla hajasafiri Jumamosi. Ningepiga simu, lakini simu ni ya Mama Mkubwa, na katika nyumba hii simu huzungumzwa sebuleni, sauti imefunguliwa na kila mtu anasikiliza.

Ni juu ya gari la abiria ambalo Baba Mkubwa anataka kumpa Baba ili yeye achukue shamba letu la chini, lile la nduma kando ya mto. Mama, gari hilo ni bovu. Nimeshika kalamu muda mrefu kabla ya kuandika hivyo.

Unajua nilikuja huku kungoja nafasi ya chuo, na Baba Mkubwa akaahidi kunilipia. Wakati nangoja, kazi aliyonipa ni kukaa na gari kwa fundi, huko Mamboleo. Huku ukipeleka gari gereji unaweka mtu wako akae nalo. Ukiliacha peke yake, unaweza kurudi ukute kabureta yako nzuri imehamia gari la mtu mwingine. Basi mimi ndiye mtu wake. Kiti changu cha plastiki kiko kati ya gari na ua wa mabati, naketi hapo tangu asubuhi mpaka wafunge. Hata chooni naenda mbio, nikirudi nachungulia ndani ya boneti kama niliyeibiwa.

Fundi anaitwa Owiti. Ana mdomo, lakini si mtu mbaya. Siku za kwanza alikuwa akinitania, "Askari amefika. Vijana, ficheni mikono." Nilikuwa naangalia chini tu. Baadaye alichoka kunitania akaanza kunieleza anachofanya. Nadhani alinionea huruma.

Gari lilikuwa linatoa moshi wa bluu. Owiti alitoa plagi moja akanionyesha ncha yake, nyeusi na imelowa. "Hii ni oili inaungua ndani," akasema. "Hii gari inakunywa oili kama ng'ombe imetoka kiangazi." Akafunga geji, kile kipimo cha presha, kwenye tundu la plagi, akaniambia nizungushe ufunguo. Sindano ilipanda kidogo tu. Akamimina oili kijiko kimoja ndani ya tundu, nikazungusha tena, na sindano ikapanda zaidi. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba labda oili imeziba mahali palipokuwa panavuja. Akaita wenzake, "Kumbe askari anaongea." Nilitamani kuingia chini ya gari. Lakini ndivyo ilivyo, Mama. Ringi za pistoni zimelika, na oili inapenya juu na kuungua pamoja na petroli.

Hilo peke yake lisingenifanya nikuandikie. Owiti anasema gari la namna hiyo mtu anaweza kuishi nalo, awe tu anaongeza oili. Shida kubwa ni ile taa nyekundu yenye picha ya birika la oili, pale mbele ya dereva. Injini ikipata moto na gari likiwa limesimama, taa ilikuwa inawaka. Owiti alifungua swichi ya oili inayowasha taa hiyo, akafunga geji nyingine mahali pake. Injini ikiwa baridi sindano ilisimama vizuri. Ilipopata moto, sindano ikaanza kulala polepole, ikalala karibu kabisa, mpaka Owiti akazima haraka.

Baba Mkubwa alikuwa amefika. Owiti akamwambia, "Mzee, moshi si neno. Lakini presha ikilala hivi, bering za kranki zimeisha. Hii injini lazima ifunguliwe yote. Ukiipeleka mlima na watu, itashika njiani izime ghafla, na hiyo haitakuambia mara ya pili."

Baba Mkubwa akasema, "Weka oili ile nzito kabisa. Na huo waya wa taa, kata."

"Hiyo si dawa, Mzee. Hiyo ni panadol."

"Kwani gari inakaa na mimi? Kata."

Owiti akanitazama. "Na huyu msichana anasikia."

Baba Mkubwa akacheka kidogo. "Huyu? Huyu hasemi."

Waya ukakatwa nikiwa nimeketi pale pale kwenye kiti changu. Nilikuwa nimewekwa ili fundi asimwibie Baba Mkubwa, na fundi hakumwibia kitu.

Jumapili Baba alipopiga simu, unakumbuka aliomba kuzungumza na mimi. Akasema, "Nasimiyu, wewe ndiye umekaa na hilo gari. Liko sawa?" Baba Mkubwa alikuwa ameketi mbele yangu, na Mama Mkubwa ndiye aliyeshika simu. Nikaanza kukunja pindo la nguo yangu. Baba Mkubwa akajibu, "Unamjua mtoto wako, anaona haya. Lakini alikuwepo siku zote." Baba akafurahi. Alisema kama nilikuwepo, yeye ameridhika.

Sina mahali pa kugeukia. Nalala kwao, nakula kwao, na chuo kiko mkononi mwake. Kila jioni ananiuliza kama nimeshafikiria nitasomea nini, na ananiuliza kwa upole kabisa. Nikisema, nimemvunjia heshima kaka mkubwa wa Baba ndani ya nyumba yake. Nikinyamaza, shamba lako litakwenda, na siku moja Baba atakuwa anapanda mlima na abiria wakati injini inashika.

Kwa hiyo mwambie Baba hivi. Akifika Jumamosi, asikubali kukuta injini imeshawashwa. Aguse boneti kwanza, iwe baridi. Azungushe ufunguo nusu, kabla ya kuwasha, atazame ile taa ya oili. Gari lisilo na kasoro huiwasha hapo, na injini ikishawaka taa hujizima. Kwa hili haitawaka kabisa. Kisha wapande nalo mlima wa Riat mpaka injini ipate moto vizuri, na Baba aombe fundi mwingine, asiyejulikana na mtu, aweke geji mahali pa ile swichi. Ayafanye haya yote kabla wazee wa ukoo hawajaanza kuandika mkataba.

Kama Baba Mkubwa atasema fundi huyo ni mwongo, basi Baba aniulize mimi tena, mbele ya wazee wote. Asinionee huruma nikichelewa kujibu. Angoje tu.

Nisalimie Kukhu, umwambie naisoma ile zaburi aliyonipa. Nisalimie kaka yangu, asivae viatu vyangu vya shule hata kama vinamtosha. Salamu kwa shangazi wa pale kisimani, na kwa mwalimu wangu wa fizikia ukimwona kanisani.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka kila nikiona mtu amebeba nduma,

Nasimiyu

Tena, Mama: Baba aje na nauli ya kurudi ya watu wawili. Nguo zangu nimeshazikunja.