Ningejuaje Saa Ile Ile?

Mpendwa mwanangu Kiprono,

Chamgei, na salamu katika jina la Bwana. Afya yako ikoje huko ng'ambo, na hiyo baridi? Sisi tu wazima kwa neema, majani ya chai ni mengi, lakini nina hasira, na nimeona nikwambie wewe.

Unakumbuka likizo ya Krismasi, jikoni, ulipotueleza zile chembe mbili zilizofungamana? Ulichukua gambuti za baba yako, vile viatu vyake vya mpira, ukasema tufunge moja ndani ya gunia ipelekwe Mulot. Ukiona iliyobaki hapa ni ya kushoto, papo hapo unajua ile ya Mulot ni ya kulia. Kisha ukasema chembe zinashangaza kuliko gambuti, kwa sababu hazina kushoto wala kulia mpaka uzipime. Baba yako mdogo akapiga makofi, akatoka kwenda kukamua. Hakungoja nikuulize kama basi habari inaupita mwanga kwa kasi. Ulinijibu, "Hapana, Mama. Zinakubaliana papo hapo, lakini aliye Mulot hapati habari yoyote ya huku mpaka aletewe."

Siku baba yako alipofariki hospitalini Bomet, nilikuwa kituo cha kupimia majani, tukimcheka karani aliyekalia majani mabichi. Habari ilinifikia jioni. Kwenye matanga, mbele ya akina mama wa kanisa, baba yako mdogo akasema, "Mke gani anacheka na karani huku bwana anakata roho? Mwenye kupenda angejua saa ile ile. Hata kijana wetu wa sayansi alituambia." Wengine wakaitikia kwa kichwa. Mimi, niliyemwosha baba yako miguu mwaka mzima akiugua! Sasa anataka nisitoe ushuhuda kwenye ibada ya kumkumbuka.

Nikufiche nini? Nikichuma, hata mimi najiuliza kwa nini moyo wangu haukushtuka. Hilo ndilo linaniudhi zaidi, kwamba amenifanya niulize. Nawe nakulaumu kidogo, uliacha nusu ya somo itoke mlangoni.

Andika somo lote, kwa Kiswahili, useme hata chembe hizo hazipelekeani habari, sembuse watu. Mzee wa kanisa amekubali kulisoma mbele ya wote. Kujua yote papo hapo ni kwa Mungu peke yake. Mimi nilijua nilipoambiwa, na nilipoambiwa nilikimbia.

Tafadhali nijibu upesi, barua ifike kabla ya ibada.

Ni mimi mama yako.