Mtu wa Sita

Jumapili, 3 Agosti 1958

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele ni viuno na mabega ya watu wa Bondeni, hapa Nakuru, nyuma ni mimi. Mume wangu Dalmas akilifungua ataona inchi tu, atalifunga.

Habari kubwa leo! Baada ya ibada wametangaza kwamba nyumba mpya za manispaa zinakaribia kwisha. Nyumba za familia — vyumba viwili, jiko, mfereji wenu wenyewe, choo chenu wenyewe! Kodi yake mtu wa kinu cha unga kama Dalmas anaiweza, na nyama ya Jumapili ikabaki. Nilimkanyaga mguu katikati ya tangazo. Alifikiri namwamsha.

Miaka minne tuko katika chumba hiki cha Bi Samsam. Futi kumi kwa kumi, nimekipima mwenyewe. Katikati pazia. Upande wa pili Kipchoge, mwenzake Dalmas kinuni. Kijana mzuri, lakini akipiga chafya namwambia pole nikiwa kitandani kwangu. Watoto wetu wako rizavu, kule nyumbani Maragoli, kwa mama yake Dalmas, kama watoto wa karibu kila mtu hapa. Mji huu ni wa wanaume. Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili, wanaume ishirini na ushee, wake wanne, na mtoto hakuna isipokuwa wa paka.

Nataka nyumba ile. Nimeitaka hata sikusikia wimbo wa mwisho.


Jumatatu, 4 Agosti

Tumeenda ofisi ya nyumba. Mstari mrefu, wanaume watupu, kofia mikononi. Karani anaitwa Naftaly, penseli iko sikioni, na sauti ya kusoma tangazo hata akikuambia keti.

Kanuni ni hii. Vyumba viwili ni kwa familia ya watu sita kwenda juu. Watano kushuka chini, chumba kimoja. Na hao watu wawe hapa mjini, wanalala hapa, si majina ya rizavu. Atakuja kuwaona mwenyewe, siku asiyoitaja, kwa sababu watu wanaazimana watoto. Anasema mwezi uliopita msichana mmoja wa utepe mwekundu alimwamkia katika nyumba tatu.

Dalmas akaandika. Yeye. Mimi. Javan, Kageha, Asava. Tano. Penseli ikasimama. Halafu akaongeza: Trufosa, mama mzazi. Sita!

Nikamtazama. Akatazama ukuta.

Anajua, nami najua. Kwetu mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Hata mvua ya mawe inyeshe. Na kumwomba aseme analala, hilo ndilo lisilowezekana kabisa. Mama ni mtu wa kanisa la Friends wa kweli. Aliwahi kurudi sokoni Mbale, maili tatu kwa miguu, kurudisha yai moja lililozidi.

Nilipomwambia Dalmas hayo njiani, alisema tutavuka mto tukiufikia. Mwanamume na mito yake.


Jumatano, 6 Agosti

Barua imeenda. Nimemwomba Mama awalete watoto yeye mwenyewe, akae nasi. Sikuandika "wote watatu". Hapendi. Kwake watoto hawahesabiwi, ni kukionyesha kifo njia. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi anakutajia majina, mmoja mmoja, mpaka mwisho, hata kama basi lako linaondoka. Hata vifaranga hahesabu. Anasema, "Wako."

Na kuna jambo lingine. Nitaliandika mara moja tu. Huu ni mwezi wa tatu. Nina hakika sasa.

Mwaka jana nilitangaza mapema. Nilihesabu miezi kwa vidole mbele ya wanawake wote wa ploti, nikashona na kofia. Mwezi wa nne ikaharibika. Mama hakunilaumu. Alinishika mkono tu akasema, cha tumboni hakihesabiwi, mwanangu. Basi safari hii mdomo nimeufunga. Hata Dalmas hajui. Naogopa na nafurahi, vyote pamoja, na cherehani inakwenda mbio kuliko mguu wangu.


Jumanne, 12 Agosti

Tunisi nne leo, gauni za shule! Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa natia viraka suruali za makuli. Sasa kila mwanamke anayekuja barazani ana kipimo cha mtoto: kamba yenye mafundo aliyotumiwa kutoka nyumbani, au mkono ulioinuliwa hewani — "urefu wake hivi." Nawaambia mkono wa mama hupima upendo, si kimo. Nitashona kubwa, nitakunja upindo.

Kila mtu anaita watoto wake. Ni zile nyumba.


Jumamosi, 16 Agosti

Wamekuja! Treni kutoka Kisumu ilimwaga watoto kama mtama gunia likipasuka. Watoto kila dirisha, watoto juu ya mizigo, akina baba wanakimbia huku na huku wakiita majina, wengine hawawatambui watoto wao wenyewe. Sijawahi kuona stesheni ya Nakuru inacheka hivyo.

Mama akashuka wa mwisho, wima, na jogoo kwapani. Ndizi, unga wa wimbi, na kifurushi cha samaki mkavu ambacho alinipa nikishike. Nikakipokea huku nimegeuza uso, nikajifanya namtafuta Javan.

Javan amekuwa mrefu. Kageha ameng'oka meno mawili. Asava hakunijua. Nilimnyooshea mikono akajificha katika gauni la bibi yake, akaniita shangazi. Iliniuma — sitasema uongo, iliniuma hasa. Lakini saa hii amelala juu ya mkono wangu wa kushoto na siwezi kuugeuza ukurasa vizuri.

Kipchoge ametuachia upande wake. Amekunja blanketi, anakwenda kwa rafiki yake. Ameniambia, "Mama Javan, pazia ni lenu sasa." Nimemwahidi shati.

Na Mama? Alisimama mlangoni akakitazama chumba. Aliingia, akala, akaomba nasi. Giza lilipoanza akachukua blanketi lake akauliza analala wapi. Dalmas akaanza maneno mengi. Bi Samsam, ambaye husikia kila kitu katika ploti yake, akaja akamshika Mama mkono. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Njoo kwangu dada. Wewe mjane, mimi mjane. Tukoromeane." Wakaenda.

Mto tumeufikia. Kivuko hakuna.


Jumapili, 17 Agosti

Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Baada ya ibada tulikwenda wote kuziona nyumba, ng'ambo ya reli. Tulifikiri tutakuwa peke yetu. Kumbe Nakuru nzima iko huko! Familia na familia, nguo za kanisani, viatu vyeupe kwa vumbi la ziwa, kila mtu anaingia nyumba zisizo na milango na kusema hapa kitanda, hapa meza. Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Waislamu wa Bondeni na vikapu vya mahamri. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa sakafuni katika nyumba tupu, amekunja miguu, anavuta sigara. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anapumzika sebuleni.

Nilitoa utepe wa kupimia. Chumba cha kwanza futi kumi kwa kumi na mbili. Cha pili kumi kwa kumi. Yaani nyumba yetu yote ya sasa, na pazia lake, na Kipchoge wake, inaingia katika chumba cha watoto! Nilipima tena. Kageha akashika ncha ya pili ya utepe, akanitangazia namba kwa sauti ya mchungaji. Cherehani itakaa chini ya dirisha. Nimeshaiweka pale. Moyoni mwangu imeshakaa na imeshashona.

Javan alifungua mfereji, maji hayajaunganishwa, akaufunga, akaufungua. Mara ishirini. Alisema anazoea.

 Mama alizunguka nje na fimbo yake akigonga kuta. Halafu akasimama nyuma, akainua uso, akasimama hivyo mpaka Dalmas akamfuata. Jiko haliko ndani ya nyumba. Liko uani, hatua nne kutoka mlango wa nyuma. Lina kuta zake, lina paa lake.

"Hili si paa lako," Mama akamwambia Dalmas, akionyesha kwa fimbo jiko na kisha nyumba. "Hilo ndilo lako. Hapa naweza kulala."

Dalmas akarusha kofia juu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na saruji mbichi ikashika gauni. Mungu aliyemwongoza fundi kujenga jiko nje ndiye anayetujua. Sita, na bila uongo hata mmoja! Njiani Dalmas alinipa jicho lile la si nilikuambia. Nimemruhusu. Siku moja tu.


Jumatatu, 18 Agosti

Bi Samsam na Mama hawaachani. Mmoja akiamka kuswali alfajiri, mwenzake anaamka kukaa kimya na Mungu wake. Mama anamsifu kwamba haongei wakati wa sala. Bi Samsam anasema naye hajawahi kuona Mkristo mtulivu hivyo. Nilimwambia tukihama atapoteza wapangaji. Akasema wapangaji ni wengi, ila majirani waliojaaliwa nyumba huombewa waondoke.

Sasa kelele za watoto ziko uani kutoka asubuhi. Wanaume wasio na wake wanasimama kutazama mpira wa matambara na hawaendi zao. Mmoja amenunulia ploti nzima miwa.


Jumatano, 20 Agosti

Amekuja.

Hata saa kumi na mbili na nusu haijafika. Hodi moja tu, na penseli ile. Watoto bado wamelala safu moja upande wa Kipchoge, Dalmas ana kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Karani Naftaly akainua pazia, akaangalia miguu midogo, akaangalia fomu. Akawaamsha mmoja mmoja kwa majina nao wakaitika. Hakuna aliyeazimwa. Nilijiona nimeshinda.

Ndipo Mama akaingia kutoka nje, blanketi begani, umande miguuni.

Karani akalitazama blanketi. Akamwamkia kwa heshima, akamuuliza amelala wapi. Dalmas akakohoa kama mtu aliyemeza unga wa kinu chote. Haikusaidia.

"Nimelala kwa Samsam," Mama akasema. "Kwa mwanangu silali."

Na kule kwenye nyumba mpya? Jikoni, Mama akamweleza, jiko lina paa lake. Akaeleza vizuri, na hatua nne, na fimbo. Karani alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ya chini, si ile ya matangazo, kwamba hata kwao mama halali kwa mwana. Lakini manispaa haitaki mtu alale jikoni, na fomu haijui mambo ya kwetu. Akapiga mstari juu ya jina Trufosa. Niliusikia ule mstari.

"Basi ni watano," akasema. "Chumba kimoja."

Nilijua ninachoweza kusema. Kilikuwa hapa, kooni. Nikaikumbuka ile kofia niliyoishona mwaka jana, iko chini ya cherehani mpaka leo, na mdomo haukufunguka. Nikatazama sakafu. Heri chumba kimoja, nikajiambia. Heri chumba kimoja maisha yangu yote.

Mama akaweka blanketi chini.

"Andika sita," akasema.

Karani akaanza kueleza upya habari ya jiko. Mama akasema hajisemi yeye. Akamgusa Dalmas begani.

"Moja."

 Mwanamke asiyehesabu vifaranga!

Akanigusa mimi. "Mbili." Akainama. Javan, tatu. Kageha, nne. Asava, ambaye alikuwa amelala tena, tano. Akanyooka polepole, akarudi kwangu, akaweka kiganja wazi juu ya tumbo langu. Kilikuwa baridi kwa umande.

"Na huyu, sita. Nilimjua pale stesheni, uliposhindwa na samaki." Kisha akaitazama dari, kama anaongea na mpangaji wa juu. "Nimehesabu mimi, si yeye. Kama kuna neno, lije kwangu."

Kiatu kikamwanguka Dalmas. Akaniita "Zeddy?" — na tena "Zeddy?" — na mimi nacheka na kulia, na kutoka barazani Bi Samsam anapiga vigelegele, maana alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote huo.

Karani Naftaly aliisoma fomu mbele. Akaisoma nyuma. Alisema haoni mahali palipoandikwa kwamba mtu lazima awe amezaliwa. Wala hapaoni palipoandikwa si lazima. Akatoka kwenda kumuuliza mkubwa wake, Mzungu, aliye katika gari mbele ya ploti.

Hapo ndipo tulipo sasa. Nimekaa kizingitini na daftari, mikono isiwe bure. Kupitia lango naona karani ameinama dirishani mwa gari. Anaonyesha vidole vya mkono mmoja, halafu kidole kimoja zaidi. Dalmas amesimama nyuma yangu na kiatu kimoja, mkono wake uko kichwani pangu, hauondoki. Mzungu ametoa kichwa nje. Anaangalia huku.

Mama anasema niache kuandika. Nisimame, nigeuke ubavu, walione tumbo. Namwambia bado hakuna cha kuona. Anasema simama tu, vuta pumzi, litakuwepo.

Nasimama.