Picha ya Kulwa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Asubuhi nimebeba magunia ya mpunga mashineni, sasa bega la kulia halinyanyuki. Mchana nikahamia kwa Othmani, hapa Mbalizi, kwenye meza ninayokodi ndani ya duka lake la stesheneri. Kazi ya siku nzima ni kadi moja ya harusi, na mteja kaikataa. Anataka maua zaidi. Maua yameshajaa mpaka bwana harusi hasomeki.

Prisca kapiga simu kutoka Iringa. Ana ukurasa wake mtandaoni wa mambo ya ufundi, na ni yeye peke yake anayechapisha ninayoandika. Safari hii anataka makala ya mabango ya misiba. Niandike ninavyoongea, kasema, nisijifanye profesa.

Profesa wa kidato cha pili.

Jumanne, 10 Juni 2025

Wamekuja mzee Masanja na mkewe Kalista, kutoka Usangu. Wamefikia kwa jamaa yao hapa Mbalizi. Othmani kawaona mlangoni, kaanza utani wake: "Msukuma, ndugu zako hao. Waulize ng'ombe wamewafunga wapi." Mzee hakucheka. Kanisalimia Kisukuma — mwangaluka — nami nikaitikia. Mwaka wa tatu huu sijafika Shinyanga.

Binti yao Kulwa kafariki mwezi uliopita. Homa. Jumamosi wanaanua matanga, wanataka bango na fulana zenye sura yake. Nikaomba picha. Mzee katoa picha ndogo ya shule.

"Ndiye Kulwa?"

"Huyo ni Doto, pacha wake. Yeye tulimpeleka shule. Kulwa alibaki na ng'ombe."

"Hata kwenye simu hamna?"

"Alikuwa anaficha uso."

Wanafanana, kasema, niweke tu jina la Kulwa chini. "Ila yeye alikuwa mweusi zaidi, jua la mashambani. Huwezi kumpaka kidogo?"

Kalista macho sakafuni muda wote. Othmani kaacha utani, kawaletea viti.

Nimesema naweza. Nimeshawavalisha suti marehemu wangapi ambao hawakuwahi kuigusa suti. Hii ni rangi tu.

Jumatano, 11 Juni 2025

Nimemaliza bango saa kumi. Kola ya shule nimeifuta, nimeweka kitenge. Uso nimeupunguza mwanga. Kazi safi. Nikaanza na makala ya Prisca: "Picha ya msiba kazi yake ya kwanza ni mtu kutambulika." Nikaisoma. Nikaifuta.

Jioni Kalista kaja peke yake. Hakukaa.

"Baba, wewe ni mtoto wa kwetu, unajua."

Najua. Nyumbani pacha mmoja akiondoka, aliyebaki wanamchunga hata kwa maneno. Hatajwi msibani hovyo.

"Ukimtundika Doto pale, watu wote watasimama mbele ya Doto wanalia," kasema. "Nimebaki na mmoja. Usinizikie na huyu."

Nikamwambia mzee ndiye aliyeagiza. Kasema anajua. Mzee anaona aibu kwamba mtoto kaishi miaka ishirini na mbili na hakuna hata karatasi ya kuonyesha sura yake. Bango bila uso, kwake, ni kumtupa mara ya pili.

Kaondoka. Nilichoona mimi ni kwamba wote wawili wana haki. Othmani kasema nichapishe, mteja ni anayeagiza. Sijachapisha. Bega linauma.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Leo mashineni sijaenda. Nimefungua duka, nyuma yangu kaingia msichana. Nikamjua kabla hajasema. Uso wake nimeshinda nao jana kutwa.

"Baba kasema umeniweka. Nionyeshe."

Nikawasha kompyuta. Kaangalia muda mrefu.

"Huyu si yeye. Huyu ni mimi nimepakwa masizi." Halafu kasema, "Nipige upya."

Nikamwambia mama yake hataki.

"Mama ananiangalia mimi kila siku anamtafuta Kulwa. Acha ampate."

Kavua hereni. Kafungua nywele, kafunga kanga kichwani, chini sana, karibu na nyusi. Kakaa kwenye stuli mbele ya kitambaa cha bluu, bega moja chini. Simu yake ikaita, mama yake. Hakupokea. "Kulwa hakuwa anacheka kwa watu," kasema. "Subiri kidogo." Kafumba macho. Alipofumbua, nikashusha kamera.

Nimemdanganya kwamba betri imekwisha, asubiri ichaji. Nimekuja huku nyuma penye karatasi, ndipo ninapoandika. Simu yake inaita tena.

Nimechungulia. Amekaa vilevile, bega moja chini.

Nimechungulia tena. Bado hajarudi kuwa Doto.