Neno Moja Limefunga Maduka Garsen

Jumamosi, Garsen. Mawingu yametanda upande wa mto tangu alfajiri, mvua imegoma, joto limekaa palepale. Nimechoka, nimeaibika, na bado kicheko kinanitoka nikiwa peke yangu.

Leo lilikuwa darasa langu la kwanza la kutengeneza programu za simu. Mwenyekiti wa kina mama alinipa ukumbi wao kwa sharti moja: watu waje. Wasipokuja, Jumamosi zote zinarudi kwa washonaji. Niliutaka ukumbi ule kuliko kitu chochote mwaka huu. Kila wiki nasoma habari za watengenezaji wa programu kwa Kiingereza, simu zipi za zamani zinaachwa nyuma, masomo gani mapya yametolewa bure, kisha naandika muhtasari kwa Kiswahili na kuutuma kwenye kundi letu la mtandaoni. Nilikuwa na hakika kuna kijana kijijini Hewani au mjini Bura anayeusubiri.

Shida ilianzia kwenye neno. Yale maandishi ya kuielekeza simu, Kiingereza huyaita "code". Kamusi inasema msimbo, lakini nimeishi hapa miaka yangu yote na sijamsikia mtu akitamka msimbo. Nikajiambia, kama tuliweza kusema benki na baiskeli, tutashindwaje kusema kodi?

Basi nikabandika tangazo karibu na steji ya matatu: MAFUNZO YA KODI ZA SIMU. BURE. WOTE MFIKE.

Wote mfike!

Nikienda ukumbini nilishangaa vibanda vyote vya simu vimefungwa. Muuza kava hayupo, fundi wa vioo hayupo. Nikadhani kuna msiba. Nikafika, nikavifuta viti vumbi, nikakaa kungoja.

Alikuja mtu mmoja. Mama Sadia, mwenye duka la kuchajisha simu, karatasi za leseni mkononi na uso ameukunja.

"Mimi nishalipa ya kaunti," alisema hata kabla ya salamu. "Hii kodi ingine ya simu nani ameleta? Ni wewe? Mtoto wa hapahapa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe mji mzima ulikuwa umenikimbia. Na la kuumiza zaidi, hata kwenye muhtasari wangu nimekuwa nikiandika kodi, kodi, kodi. "Kodi mpya zinazokuja." "Jinsi ya kuongeza kodi kwenye simu yako." Watu walikuwa wakijitoa kwenye kundi, nami nikisema vijana wa Tana River hawapendi kusoma. Niliwalaumu bure.

Nilimweleza Mama Sadia. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akatoka nje akawaita wenzake kwa Kisomali, akarudia kwa Kiorma, na milango ikaanza kufunguliwa mmoja mmoja. Vicheko vyao vilinichoma, sikatai. Mwenyekiti alipita, akavitazama viti vitupu, akasema kwa upole kwamba washonaji watarudi wiki ijayo. Nilikunja waya wa kompyuta yangu.

Mama Sadia hakuondoka. Aliniuliza simu inaelekezwaje. Alisema siku ya soko wateja wanamwachia simu zinazofanana, na wakirudi wanagombana, kila mtu anasema ile yenye chaji ni yake. Je, simu yake yeye inaweza kumkumbusha ipi ni ya nani? Nikamwambia inaweza. Nikamchorea kwenye karatasi: hapa picha, hapa jina, hapa unabonyeza. Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Basi nifundishe," akasema. "Njoo dukani kwangu Jumamosi. Stima iko, soketi ziko. Hiyo neno yako tu usilete."

Kwa hiyo ukumbi nimeukosa, na mwanafunzi nimempata. Jioni hii nimekaa nikitafuta pa kuanzia. Masomo yote niliyoyapakua yanaanza na mtu anayejua Kiingereza, mwenye kompyuta nzuri, anayetengeneza programu ya kuagiza chakula hotelini. Mwanafunzi wangu anajua Kisomali, Kiorma na Kiswahili cha dukani, na kioo cha simu yake kina ufa. Nimelitafuta somo lake mpaka bando likaisha.

Itabidi niliandike mwenyewe. Naogopa, na pia nina furaha ambayo sijaisikia tangu nianze ule muhtasari. Nimeshafungua ukurasa mpya, na sentensi ya kwanza inanishinda: yale maandishi, mbele ya Mama Sadia, nitayaitaje?