Kafi la Pili

Komora, mjukuu wangu, mume wangu wa huko Nairobi,

Huku Garsen tu wazima, na mbuzi wangu kazaa mapacha. Umeniuliza, tena kwa ukali, kama nachanganya dawa za miti na kemo hii, dawa ya hospitali ya saratani ya titi. Ngoja nikujibu.

Nilipokuwa msichana tulivuka kwa mtumbwi mto Tana uliofurika, kule Wenje. Mjomba wangu ndiye aliyeshika kafi. Tulipofika katikati maji yakatuvuta. Binamu yangu, kwa huruma tu, akanyakua kafi la pili akapiga upande autakao yeye. Mtumbwi ukazunguka, maji yakaingia, mama akanibana mpaka nikakosa pumzi. Mjomba akafoka: "Wewe! Unanisaidia au unatuzamisha? Niulize kwanza!" Binamu akaonyeshwa upande, akapiga, mtumbwi ukanyooka. Kafi lilikuwa lile lile.

Sasa shangazi yako kaniletea chupa ya mwarobaini na habasoda. Anasema itaipa kemo nguvu. Ananibembeleza huku analia, nami kichefuchefu kimenichosha, Komora. Jana niliifungua, nikaifikisha mdomoni.

Sikuinywa. Wala sikuimwaga, maana imepikwa kwa mapenzi. Iko kikapuni. Kesho, kabla sijatundikiwa dripu, nitaiweka mbele ya daktari nimwambie: "Mwenye kafi ni wewe. Huyu naye anataka kusaidia. Apige upande gani, au akae?"

Akisema akae, shangazi yako nitamwambia mwenyewe. Wewe niombee tu, bado niko katikati ya mto.

Nyanya yako