Nani Atamfikisha Lorine Kanisani

Jericho,
S.L.P. 71846,
Nairobi.
Jumatatu, 29 Agosti 1994

Mpendwa ndugu yangu Patrobas,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Gaborone, na kwamba vidonda vya tumbo vinakuruhusu kula kama watu wengine. Shemeji yako Annah anauliza kama bado unakunywa chai ya rangi asubuhi bila kitafunio. Kama unakunywa, acha. Sisi hapa hatujambo. Baridi ya mwezi huu imetushika vifua, lakini hakuna aliyelala kitandani.

Binti yako ameolewa juzi Jumamosi. Telegramu yako ilifika Ijumaa na ikasomwa mbele ya watu. Job ni kijana mtulivu. Jamaa zake kutoka Mumias walikuja wengi kuliko walivyoahidi, na chakula kilitosha. Mengine atakueleza Lorine mwenyewe. Mimi nataka kukueleza habari ya gari na yaliyofuata, kwa sababu najua utaisikia kwa wengine ikiwa imepindwa.

Unaikumbuka Datsun yangu. Tangu Juni ilikuwa inasumbua. Asubuhi inakataa kuwaka, ikiwaka inatetemeka, nikisimama kwenye taa inazima. Moshi mweusi, na petroli inakwisha kama imemwagwa. Wiki tatu kabla ya harusi, Lorine alinijia jikoni akaniambia kwa upole kwamba Baba Shiru amejitolea kumpeleka kanisani na Peugeot yake. Alikuwa hajamjibu, alitaka kunisikia mimi kwanza.

Baba Shiru ni Githinji, jirani yetu wa mlango wa tatu, fundi wa mitambo kiwandani. Ulipoondoka alikuwa hajahamia hapa. Ni mtu mwema, na hilo ndilo lililonichosha. Ndiye aliyemfundisha Lorine kuendesha gari, mimi nikiwa safarini kuandika habari za watu wengine. Matokeo ya chuo yalipotoka, Lorine alipita kwake kabla ya kufika kwangu. Nilimwona kupitia dirishani. Nimemlea mtoto huyo miaka kumi na mmoja, tangu mama yake afariki, na sijawahi kumchekesha jinsi yule mtu anavyomchekesha. Nilimwonea wivu, Patrobas. Nimetafuta neno jingine tangu asubuhi na sijalipata.

Nikamwambia Lorine kwamba atakwenda na Datsun, nami nitaiendesha. Akasema sawa, ila gari liwe tayari kufikia Alhamisi ya wiki ya harusi, maana hataki kusukuma gari akiwa na shela. Likikosa kupona, atapanda Peugeot. Tukakubaliana hivyo.

Nilianza Jumamosi iliyofuata, mbele ya nyumba. Plagi zote nne zilikuwa nyeusi kwa masizi. Nikazisugua kwa msasa, nikasafisha na kabureta. Gari likapona siku mbili, likarudia yale yale. Hapo ndipo nilipofanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo: nililitazama likiwa kazini. Niliendesha hadi eneo la viwanda na kurudi, kilomita kumi na moja, jicho kwenye geji ya moto. Sindano haikuinuka. Injini ilikuwa inatembea ikiwa baridi, na petroli ilikuwa haiungui yote.

Nikafungua kile kifuniko chenye bolti mbili, pale mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini. Panapotakiwa kukaa thamostati, kile kidude cha shaba chenye springi kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, palikuwa na tundu tupu. Nikaenda Majengo kwa Mulama, fundi wangu wa siku zote. Hakushtuka. Alisema aliitoa mwezi wa Mei na kuitupa, kama anavyozitoa zote, maana hizo ni za nchi za barafu na huku kwetu zinachemsha gari bure. Mafundi wengi hapa wanaamini hivyo. Nilikumbuka kwamba siku hiyo nilimshukuru.

Nikanunua mpya mjini. Nikaijaribu nyumbani ndani ya sufuria ya ugali ya Annah: maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka, yalipopoa ikajifunga. Annah alitazama, kisha akabeba kikapu akaenda kununua sufuria nyingine.

Jumatano jioni nikaifunga. Mtu akibadilisha kitu kikuukuu huona kilivyokaa. Mimi nilikuta tundu, kwa hiyo sikujua upande upi uelekee injini. Githinji alikuwa amesimama hatua sita kutoka nilipokuwa, akinywa chai. Kwa miaka ishirini na miwili nimelipwa kuuliza maswali, nimewauliza mawaziri na nimewauliza majambazi, na swali hilo moja sikuliuliza. Nikaweka springi juu, nikakaza bolti, nikajaza maji, nikawasha. Dakika tisa baadaye sindano ilikuwa imefika mwisho, na mvuke unatoka chini ya boneti. Majirani wa safu nzima walitoka kuangalia.

Githinji akasogea na kikombe chake. "Mwandishi," akasema, "hiyo kitu umeiweka kichwa chini."

Nikamuuliza kama alikuwa ameona tangu mwanzo.

"Niliona. Lakini vile ulikuwa unaniangalia, nilidhani nikifungua mdomo utanirushia spana."

Lorine, aliyekuwa mlangoni, alicheka. Kisha akaona uso wangu akanyamaza, na huko kunyamaza kukaniuma zaidi ya kicheko. Tukangoja injini ipoe. Githinji hakushika chombo chochote. Alinionyesha kwa kidole tu: springi iingie chini, ambako maji ya moto ya injini yataigusa. Nikaweka gasketi nyingine, nikafunga mwenyewe. Safari hii sindano ilipanda mpaka katikati ikatulia, na gari likanguruma taratibu bila kutetemeka.

Nikamwambia Lorine kwamba Jumamosi saa tatu nitakuwa nyuma ya usukani. Alimtazama Githinji kabla ya kunitazama mimi. Nikasema kama wameshaamua lao, waseme.

"Baba mkubwa, Datsun iko sawa, tutaenda nayo," akasema. "Lakini nimeomba Baba Shiru aendeshe."

Nikasema vizuri, mimi nitapanda na waimbaji.

"Na nyuma nitakaa na nani? Baba hayupo. Nataka nikishuka niwe nimekushika wewe mkono. Hata ile Peugeot, nilikuwa naiwaza kwa sababu hiyo."

Githinji alikuwa ameanza kukusanya spana zangu. Nilimwachia.

Basi Jumamosi Lorine alikaa kati yangu na Annah, akaushika mkono wangu tangu Jericho hadi kanisani. Githinji anabadilisha gia bila mtu kusikia, jambo ambalo bado namwonea wivu.

Sasa lililobaki. Kwenye barua yako uliagiza kwamba mchungaji akiuliza nani anamtoa bibi harusi, nijibu kwamba namtoa kwa niaba ya Patrobas, baba yake. Nilikuwa nimeikariri sentensi hiyo. Mchungaji alipouliza, nilisema, "Mimi." Sikutaja jina lako. Mchungaji akaendelea na ibada. Siwezi kukudanganya kwamba nilisahau, na sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Msalimie Javan na mkewe Adhiambo, waambie vitenge walivyotutumia vilifika. Annah anakusalimu, na Lorine na Job wataandika wakitulia. Mungu akulinde huko ugenini, akuponye tumbo, akurudishe nyumbani siku moja ukae na binti yako mezani.

Ndimi kaka yako, nikupendaye na nikungojaye unijibu hata kama ni kwa hasira,

Wandera